Nairobi–Mombasa ni Saa Moja, Lakini ya Nani?

Shika simu yako sasa hivi uulize Google: Nairobi hadi Mombasa kwa ndege ni muda gani? Utajibiwa saa moja, pengine saa moja na dakika tano. Kisha utaoneshwa kamstari kadogo kamepinda kutoka Nairobi kushuka hadi baharini, kama uzi wa kishada. Safi kabisa. Ndani ya hako kamstari hakuna foleni, hakuna lori lililokwama Salama, hakuna feri, na hakuna mtu wa kukuuliza kama una doo.

Mimi nina kinyongo na hako kamstari tangu Machi.

Wacha tuhesabu kwanza. Najua mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, mnanikumbusha kila wiki huko kwenye maoni, lakini kugawanya nilifunzwa darasa la nne. Kutoka JKIA mpaka uwanja wa Moi kule Mombasa, ukipiga mstari ulionyooka, ni kilomita 420 na ushee. Ndege ya abiria ikishakolea inakata kama kilomita 800 kwa saa. Gawanya. Unapata nusu saa na kidogo. Sasa saa moja imetoka wapi? Imetoka hapa: ndege haianzi na 800. Inasukumwa nyuma, inajikokota mpaka mwanzo wa barabara yake, inangoja zamu, ndio inapanda. Ikifika juu haikai. Dakika chache tu na rubani anaanza kushuka, chai yako haijapoa. Ratiba inahesabu kuanzia magurudumu yanaposogea hapa mpaka yanaposimama kule, ndio maana inaandika saa moja. Angani kwenyewe ni kama dakika 45.

Nimeipanda mara moja. Kampuni fulani ilitaka video ya hoteli Diani, wakalipa tiketi, mimi nikabeba kamera na tabasamu. Nikakaa dirisha la kulia, na ukielekea Pwani mawingu yakikubali upande huo ndio unaona Kilimanjaro. Nikaiona, nyeupe kule juu, nikapiga picha kumi na tatu zinazofanana. Kumbuka neno hilo, "wakalipa tiketi." Tutalirudia.

Lakini hakuna mtu anayeishi uwanja wa ndege. Hiyo saa moja ni ya magurudumu, si ya mtu. Mtu anatoka kwa nyumba, anatafuta mathree ama nduthi, anafika uwanjani saa nzima ama zaidi kabla ya ndege, anavua mshipi na viatu, anakaa kwa kiti cha chuma. Upande wa pili anatua Changamwe, na kama kwao ni Likoni kama kwetu, bado kuna kivuko. Yale maji pale feri ni nusu kilomita hivi. Ukiwa na bahati unavuka kwa dakika kumi na tano. Ukiwa huna, unasimama pale juani na watu elfu, baiskeli na mikokoteni, na unaweza kumaliza saa nzima ukiangalia ng'ambo, paa la nyumba yenu karibu uligusie mkono. Kilomita 420 kwa dakika 45, halafu nusu kilomita kwa saa moja. Hiyo Google haichori.

Nyanya yangu alikuwa na kipimo chake. Yeye Nairobi aliita "usiku mmoja." Alikuja huku mara mbili tu maisha yake yote, zote kwa gari la moshi la zamani, lile la reli ambayo Waingereza walianza kuijenga pale Mombasa 1896 na ikafika huku 1899, wakati Nairobi ilikuwa kinamasi na mahema. Unapanda jioni, unalala, unaamka umezungukwa na nyasi na baridi. Kwa hivyo ukimwambia fulani yuko Nairobi anajibu, "Si mbali, ni usiku mmoja." Basi ya mchana yeye aliihesabu kuwa mbali zaidi, ingawa inafika haraka kuliko gari la moshi, kwa sababu ndani ya basi unaihisi kila kilomita. Treni mpya ilipoanza 2017 nikamweleza ni saa tano, sita hivi. Akauliza, "Sasa watu watalala saa ngapi?"

Huyo ndiye aliyenilea. Mama alikuwa akifanya kazi hotelini Nyali, anarudi usiku, kwa hivyo miaka yangu ya kwanza kumi na nne ni ya Nyanya. Mahamri yake, bakora yake, redio yake. Na kulikuwa na kitu alichopenda kusema, si kwa huzuni, kwa kawaida tu akisuka ukili: "Wewe na mjombako ndio mtakaoniteremsha."

Kama wewe si wa kwetu nikueleze. Waislamu tunazika upesi. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri ana kaburi. Na mwanamke akishushwa, kaburi linafunikwa shuka juu, na wanaoingia ndani kumpokea ni watu wake wa karibu: mwanawe, nduguye, mjukuu wake. Hiyo ndiyo "mtakaoniteremsha." Ni kazi, na mtu anakupa kazi hiyo akiwa hai.

Simu ililia Machi hiyo saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Mama. Mtu wa Pwani akikupigia saa hiyo huhitaji kuambiwa.

"Mwanangu, nyanyako hatunaye." Kimya. Halafu: "Wamesema watamzika baada ya Adhuhuri. Waweza kuja?"

"Nakuja, Mama."

"Waja na nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali.

Nilikaa kitandani nikahesabu. Adhuhuri kule inaswaliwa kama saa sita u nusu. Nina karibu saa nane. Basi: sheria inaifunga isizidi kilomita 80 kwa saa, barabara ni kilomita 480 na kitu, kwa hivyo hata ikikimbia bila kusimama ni saa sita, na hakuna basi isiyosimama. Ukweli ni saa nane mpaka kumi. Na bado haijatoka. Treni ya asubuhi inaondoka Syokimau saa mbili na kufika Miritini mwendo wa saa nane mchana. Imechelewa kabla haijaondoka. Imebaki ndege.

Cha kuchekesha, mimi naishi Utawala. Uwanja uko pale. Usiku ndege zinapita juu ya mtaa wetu mpaka ukirekodi sauti inabidi ungoje zipite. Kati ya wajukuu wote wa Nyanya, mimi ndiye niliyelala karibu zaidi na ndege.

Nikafungua simu. Kiti cha saa tatu u nusu, shilingi 12,800. Kwa M-Pesa nilikuwa na 3,400. Nikaanza kupiga simu. Msee tunayehariri naye video akatuma 2,000 bila kuuliza swali. Fuliza ikanipa 1,500. Mama wa chapati hapo chini, ambaye alikuwa ndio anawasha jiko, akanipa 1,000 ya unga. Binamu yangu wa Kitengela akatuma 2,500. Hesabu: 10,400. Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Nikasema wacha nifungue tena nione kama kuna cha bei ya chini kidogo, hiyo tofauti nitaitafuta.

15,200.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikafunga, nikafungua. 15,200. Kiti kile kile, ndege ile ile, saa mbili na nusu baadaye.

Baadaye nilitafuta kujua ni kwa nini, kwa sababu mimi kitu kikinikera lazima nikifungue nione ndani. Viti vya ndege haviuzwi kwa bei moja. Vinagawanywa kwa vikapu: kikapu cha bei ya chini kinauzwa kwanza, kikiisha unafunguliwa cha pili, mpaka kile cha mwisho. Na programu inayopanga hivyo imejifunza kitu kimoja kuhusu watu: anayenunua wiki tatu mapema anaenda kuogelea, na ukimpandishia bei ataghairi. Anayenunua asubuhi ya safari hana njia nyingine. Ama ni mtu wa kikao, na ofisi yake ndiyo inalipa, kama mimi nilivyolipiwa na wale wa hoteli. Ama ni mimi wa ile alfajiri. Programu haiwezi kututofautisha, na kwa kweli haina sababu ya kujaribu. Wote wawili tuna haraka, wote wawili tutalipa. Ni kwamba mmoja wetu hana.

Huko Marekani na Kanada kuna mashirika, kwa mfano Delta na Air Canada, yenye nauli ya msiba. Unatoa jina la marehemu na uhusiano wenu, unapewa masharti ya afadhali hata ukinunua siku hiyo hiyo. Mimi nilipewa 15,200.

Nilimpigia mjomba mara tatu. Anakaa South C, ana kazi nzuri, na yeye ndiye mtoto mkubwa wa Nyanya. Laini yake ilikuwa inatumika, na najua alikuwa anaongea na nani: watu wa sanda, watu wa kuosha, watu wa kuchimba kaburi. Simlaumu, na sitaki mtu amlaumu huko chini kwenye maoni. Yeye alipata habari dakika tano baada yangu, katika mji huu huu, akapanda ndege ya saa tatu u nusu. Kabla ya saa sita alikuwa Likoni. Labda kile kiti changu cha 12,800 ndicho alichokalia.

Mimi nilichukua nduthi mpaka Mlolongo, nikasimama kando ya barabara nikapungia basi, nikapewa kiti cha nyuma kabisa, kile cha katikati kisicho na pa kushika. Pesa za watu nikawa nazirudisha njiani, moja moja, mtandao ukipatikana. Mama wa chapati wa kwanza, kwa sababu ya unga.

Sasa hiyo barabara, kama huijui, ni njia moja kwenda na njia moja kurudi, na katikati yake ni malori ya bandarini. Salama tukakaa nyuma ya lori la saruji mpaka nikalijua lile lori kwa jina. Sultan Hamud. Emali. Makindu, pale penye hekalu la Masingasinga wanaolisha kila msafiri bure. Kibwezi. Kila mji nilikuwa nikiangalia saa halafu naangalia dirishani, kana kwamba nikiangalia kwa nguvu miti itaenda haraka zaidi. Jirani yangu alikuwa jamaa anayeenda kuanza kazi Mtwapa, mcheshi sana, anataka stori. Nikampa stori. Sikumwambia ninaenda wapi. Sikutaka anyamaze.

Tulisimama Mtito Andei saa saba na dakika kumi. Hapo kila mtu anapaita nusu ya njia, na ni kweli, ni kama kilomita 240 kila upande. Basi ikazima, watu wakashuka kwenda kula. Nikiwa nimesimama kando ya ile choo ya kulipia, binamu yangu akapiga. Hakusema kitu. Alikuwa ameinua simu tu ili nisikie. Nikasikia upepo, nikasikia mtu anasoma, kisha "Amin" ya wanaume wengi kwa pamoja, kisha udongo. Udongo una sauti yake ukirushwa, wasee, hata kwa simu ya elfu sita. Makanga akapiga honi. Nikapanda.

Nilifika Mwembe Tayari saa kumi na mbili kasoro, feri ikanichukua zake, na nyumbani nikaingia Magharibi imeshaswaliwa. Kutoka simu ya Mama mpaka mlango wa Mama ni saa kumi na nne. Kwa mjomba ilikuwa saa saba. Yeye mwenyewe aliniambia usiku ule, tukiwa tumekaa barazani, kwamba kule ndani walishuka watatu badala ya wanne, na kwamba mwili wake ulikuwa mwepesi sana. Alinieleza kila kitu polepole, mkono huu ulishika wapi, huu wapi. Nadhani alikuwa ananipa sehemu yangu.

Mama yeye aliuliza mawili tu. "Ushafika?" Na "Ushakula?"

Rafiki yangu mmoja ni wa Siaya. Nilipomweleza akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani hawangeweza kungoja?" Na hapo ndipo niligundua sisi wawili hatuishi kwenye ramani moja. Kwao mtu akifa kuna mochari, kuna kamati, kuna kundi la WhatsApp la mchango, kuna wiki mbili, hata tatu. Aliye Houston anapata muda wa kuomba ruhusa kazini. Gharama yake ni kubwa, na wao wenyewe wanailalamikia, lakini inanunua muda: umbali unashindwa kwa kungoja. Kwetu hakuna kungoja. Hakuna harambee inayokamilika kati ya Alfajiri na Adhuhuri. Kwa hivyo kwetu umbali unashindwa kwa kitu kimoja tu, na hicho lazima kiwe mfukoni kabla ya simu kulia. Na sisemi desturi ibadilike. Nyanya angeshangaa sana kulazwa kwenye friji akinisubiri mimi nitafute nauli.

Kuna walioniambia, basi rudi Mombasa. Nirudi nifanye nini? Wanaonilipa wako huku. Nusu ya vijana niliosoma nao Likoni wako Pipeline, Umoja, Kayole, wengine Doha na Jeddah. Na treni hiyo tuliyoambiwa imetuunganisha ilianza na tiketi ya 700, leo ni 1,500. Ni nzuri, mimi mwenyewe ninaipanda Idi, lakini inaondoka ikitaka yenyewe, na msiba haujui ratiba.

Tulichofanya ni kidogo tu. Tuko saba hapa Utawala na Mihango, watano wa Pwani, mmoja wa Garissa, mmoja wa Wajir. Huyo wa Wajir barabara yake ni ndefu kuliko yetu na anaiogopa zaidi. Kila Jumapili kila mtu anaweka shilingi 200. Tuliiita Kiti, kwa sababu ndicho tunachonunua: kiti kimoja, asubuhi moja, cha yeyote ambaye simu yake imelia. Kanuni ni mbili. Ukipigiwa, hujielezi, unatuma jina lako kamili na namba ya kitambulisho na mwenye pesa ananunua hapo hapo, hata kama ni saa tisa usiku. Na hurudishi. Mmoja alipendekeza tuongeze harusi, tukamcheka mpaka akacheka mwenyewe.

Imetumika mara moja, Juni. Swaleh, babake mzazi, Malindi. Simu ililia saa tisa usiku, tiketi ilikuwa tayari saa tisa na dakika ishirini, na akafika akiwa na muda hata wa kuosha. Hakutuambia mengi aliporudi. Alituletea halua.

Baada ya hapo tukaanza upya kutoka sifuri. Kufikia Jumapili iliyopita tuna 11,200. Jana usiku nilifungua simu nikaangalia tu, nauli ya kesho yake asubuhi, kwenda Mombasa: 13,400. Kwa wiki tunaweka 1,400. Kwa hivyo bado Jumapili mbili, na nyanya mzaa baba wa yule wa Garissa amelazwa tangu Ijumaa.